Bajeti ya jiji imelingana, je, jiji lina afya?

Dhana: bajeti ikilingana, yaani mapato yakitosha matumizi, jiji liko salama.

Nitakaa hapa zaidi, maana ndipo wengi tunapodanganyika. Bajeti ni mpango wa mwaka mmoja tu, na mwaka mmoja una njia nyingi za kusawazishwa kwa hila. Ankara za wazabuni za mwezi wa mwisho zinasogezwa hadi mwaka mpya wa fedha. Kiwanja cha jiji kinauzwa, kisha fedha inayopatikana mara moja inalipa mishahara ambayo mwakani itadaiwa tena. Mabomba yaliyopaswa kubadilishwa yanaachwa yaendelee kuvuja. New York ilikuwa ikiingiza matumizi ya kawaida kwenye bajeti ya miradi na kuyalipia kwa mikopo, mpaka mwaka 1975 benki zilipogoma kuikopesha.

Hatari kubwa zaidi ni ahadi. Stockton, California, jiji lenye watu karibu 300,000, liliwaahidi watumishi wake matibabu ya kulipiwa baada ya kustaafu, bila kutenga fedha za kugharamia ahadi hiyo. Wastaafu walipokuwa wachache, mzigo haukuonekana. Mwaka 2007 jiji likauza hatifungani (hati za kukopa kwa wawekezaji) za takriban dola milioni 125 kujazia mfuko wa pensheni. Mwaka uliofuata masoko yakaporomoka, huku bei za nyumba zikishuka na makusanyo ya kodi nayo yakifuata. Juni 2012 likakimbilia mahakama ya ufilisi. Kwa hiyo usiishie kwenye hotuba ya bajeti. Fungua hesabu zilizokaguliwa, tafuta madeni ya muda mrefu na pensheni zisizo na fedha nyuma yake.

Dhana: jiji likifilisika linafungwa.

Halifungwi. Stockton iliendelea kuzima moto na kuzoa taka, ikatoka kwenye ufilisi Februari 2015. Ila wastaafu walipoteza yale matibabu waliyoahidiwa, na polisi walikuwa wamekwisha kupunguzwa. Aliyefanya kazi miaka yote akiamini neno la mwajiri wake ndiye aliyelipa, na hilo linaniuma kuliko hasara ya wakopeshaji.

Dhana: kila deni ni baya.

Mkopo wa miaka 20 kwa bomba litakalodumu miaka 50 ni wa haki, kwa kuwa watakaolitumia baadaye nao wanachangia. Mkopo wa kulipia mishahara ni dalili ya ugonjwa.

Dhana: akiba ni fedha wanazonyimwa wananchi.

Kodi huingia kwa misimu, mishahara hutoka kila mwezi. Chama cha maofisa wa fedha wa serikali za Marekani na Kanada, GFOA, kinashauri akiba isiyopungua matumizi au mapato ya kawaida ya miezi miwili. Isitoshe, sehemu ya fedha zilizo benki zina masharti: ruzuku ya barabara haiwezi kuajiri wazima moto, hata kama wanahitajika kesho.

Dhana: jiji likipanuka, linatajirika.

Mjenzi wa mtaa mpya anajenga barabara, taa na mifereji, kisha anavikabidhi kwa jiji bure. Miaka ya kwanza kodi za nyumba mpya zinaingia na barabara haihitaji chochote. Baada ya miaka ishirini hivi lami inahitaji kuwekwa upya, na gharama ni ya jiji. Kabla ya kupokea, diwani aulize kodi ya mtaa huo inatosha kuifumua barabara na kuijenga tena, au itabidi mitaa mingine iubebe.