"Kocha, Yule Dogo Mnangoja Nini?" Dhana potofu za mashabiki kuhusu vijana wa kusajili

Juzi nimeulizwa tena. Nilikuwa natoka uwanjani baada ya mechi ya vijana, begi begani, nikamwita kijana wa bodaboda. Kabla hata sijamtajia ninakokwenda akaanza: "Kocha, yule dogo namba 9 mnangoja nini kumpandisha? Kafunga matatu peke yake!" Nikamuuliza kama alimwona namba 8 wa timu iliyofungwa, yule mfupi aliyekuwa akianguka kila akiguswa. Hakumwona. Jukwaa zima halikumwona.

Nina zaidi ya miaka kumi na tano katika soka la vijana: viwanja vya mchangani, UMISETA (michezo ya shule za sekondari), ligi ya U-20, yaani ya walio chini ya miaka 20. Dirisha la usajili likikaribia, simu yangu haitulii. Anapiga shabiki, anapiga baba, anapiga mjomba wa mchezaji ambaye si mjomba. Kila mmoja ana orodha yake ya wa kusajiliwa na wa kutemwa. Orodha hazinisumbui, kwani shabiki asiye na orodha huyo amekuja kula karanga tu. Zinazonichosha ni sababu, maana ni zilezile kila msimu.

"Anawazidi wenzake wote, basi ataendelea kuwazidi"

Hii ndiyo inayoninyima usingizi, na mtaniwia radhi nikikaa hapa muda mrefu.

Kati ya miaka 13 na 16, mechi ya vijana haichezwi na watu wa umri mmoja hata kama vyeti vyote ni halali. Mvulana wa kawaida hurefuka kwa kasi kubwa kuliko zote akiwa na miaka 14 hivi. Lakini yupo anayeanza akiwa na 12, na yupo anayengoja hadi 16. Mmoja ana ndevu na paja la mtu mzima, mwenzake bado ana sauti ya kuimbia kwaya ya watoto, na wote wawili wamezaliwa mwezi mmoja. Sasa warushie mpira mrefu nyuma ya mabeki. Nani atafika kwanza? Nani atabaki wima bega likigongana na bega? Hapo hujaona kipaji, umeona homoni.

Tatizo halisi linakuja baadaye. Yule mkubwa, kwa sababu mpira mrefu na mbio vinamletea mabao, hana haja ya kujifunza kingine. Hajui kupokea mpira akiwa amelipa mgongo lango, kwa kuwa hajawahi kulazimika. Akifika miaka 19, wenzake nao wamekua. Beki ambaye yeye alikuwa akimwacha kwa hatua tatu sasa anakimbia naye sambamba. Mabao yanakauka, na mashabiki walewale waliompigia debe wanasema amelogwa, au amelewa sifa, au ni wanawake. Hakuna aliyemloga. Ameishiwa na kitu ambacho tangu mwanzo kilikuwa cha kuazima.

Yule mfupi naye, kama hatujamtimua, amelazimika kutumia akili. Anageuza shingo kuangalia nyuma kabla mpira haujamfikia, anaachia pasi mapema ili asipigwe, anapokea akiwa amesimama kiubavu. Mambo hayo hayaishi mtu akikua.

Kuna na jambo la mwezi wa kuzaliwa. Mashindano ya umri hukata hesabu Januari 1. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wa mwaka uleule wanahesabiwa sawa, kumbe mmoja ana karibu mwaka mzima zaidi wa mwili na wa mazoezi. Watafiti waliliona hili kwenye mpira wa magongo wa barafu kule Kanada miaka ya 1980, kisha likaonekana kwenye soka la vijana karibu kila walikotazama Ulaya: vikosi vinajaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka. Wa Novemba na Desemba wanaachwa wakiwa na miaka 13 kwa kosa la kuchelewa kuzaliwa. Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu aliyefika hadi Ligi Kuu ya England, alizaliwa Desemba 23, 1992. Fikiria kama mtu angemtema akiwa na miaka 14 kwa kuwa wa Januari alikuwa na mapaja zaidi.

Mtu akinibishia, huwa namwomba anisomee majina ya waliochukua tuzo ya mchezaji bora wa Kombe la Dunia la U-17. Mwaka 1991 alikuwa Nii Lamptey wa Ghana. 2003 Cesc Fàbregas. 2007 Toni Kroos. 2009 Sani Emmanuel. 2011 Julio Gómez. 2015 Kelechi Nwakali. 2017 Phil Foden. Kroos, Fàbregas na Foden mnawajua. Sani Emmanuel na Julio Gómez wangapi mnaweza kuniambia walicheza wapi baadaye? Hao wote walikuwa bora duniani kwa umri wao, mbele ya maskauti wa kila klabu kubwa.

Wamarekani wana utaratibu wa klabu kuchagua vijana kwa zamu, na mashabiki wao hukesha wakibishana nani achaguliwe kwanza, kama sisi tu. Mwaka 2004, chaguo la kwanza kabisa la ligi yao ya soka lilikuwa Freddy Adu, mzaliwa wa Ghana, akiwa na miaka 14. Dunia ikamfananisha na Pelé. Miaka mitatu baadaye alikuwa Benfica ya Ureno, na baada ya hapo akahama klabu kama mtu anayebadilisha vyumba vya kupanga. Upande wa pili yupo Luka Modrić, ambaye klabu ya Hajduk Split ya kwao Kroatia ilimkataa kwa udogo wa mwili, na N'Golo Kanté, ambaye akiwa na miaka 21 alikuwa bado daraja la tatu la Ufaransa na klabu ya Boulogne. Modrić ana Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, na Kanté ana Kombe la Dunia.

Sisemi mfungaji aachwe. Kroos alikuwa mzuri akiwa na 17 na akabaki mzuri. Ninachosema ni kwamba jedwali la mabao ya U-17 ni ushahidi dhaifu, na nyinyi mnalichukulia kama hukumu. Ubelgiji shirikisho lina timu za taifa za pembeni za vijana wanaochelewa kukua, ili wasipotee. Uingereza baadhi ya akademi huandaa mashindano ambamo vijana wanapangwa kwa kiwango cha ukuaji wa mwili badala ya mwaka wa kuzaliwa, na mkubwa kwa mara ya kwanza anakutana na mwenye kifua kama chake. Sisi hatuhitaji mitambo kwa hilo. Mpeleke namba 9 wako acheze na wa miaka 19 kwa mwezi mmoja. Waangalie mama na baba yake urefu, ujue kama bado atarefuka. Na ukienda uwanjani usikae jukwaani. Simama nyuma ya goli, chagua kijana mmoja, usiufuate mpira kwa dakika kumi. Hesabu anageuza shingo mara ngapi. Wengi hawawezi hata dakika mbili, macho yanakimbilia mpira kama kuku kwenye mtama.

Na msitazame mechi anayoshinda. Njooni siku timu yake inapigwa nne.

"Kumbe ni kijeba! MRI itamwonesha umri wake"

Vijeba, yaani wachezaji wanaodanganya umri, wapo, sitetei mtu. Mwaka 2005 Tanzania ilienguliwa kwenye fainali za Afrika za U-17 kwa mchezaji aliyezidi umri, na mwaka 2017 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya U-17, wakaenda fainali hizo Gabon baada ya Kongo-Brazzaville kuondolewa kwa kuwa mchezaji wao hakujitokeza kupimwa umri. Januari 2023, wachezaji 21 kati ya 30 wa U-17 wa Kameruni waliangushwa na kipimo.

Lakini kipimo hicho cha MRI hakisomi tarehe ya kuzaliwa. Kinapiga picha kifundo cha mkono na kutazama gegedu la mwisho wa mfupa, pale mfupa unapoendelea kurefukia. Likiwa limefunga kabisa, uwezekano wa kijana kuwa chini ya miaka 17 ni mdogo sana, kwa utafiti uliofuatwa na FIFA chini ya asilimia moja. Basi. Hakikuambii kama ana 18 au 23. Na mtu wa miaka 18 ambaye gegedu lake halijafunga atapita huku anatabasamu. Kwa U-20 hakina msaada wowote, kwa hiyo mnaponipigia kelele "mpeleke MRI" kuhusu mchezaji wa U-20 mnaniomba nipoteze hela za klabu.

Halafu tumekuwa wepesi mno. Mtoto aliyekua mapema tunamwita kijeba mbele ya wenzake, wakati cheti chake ni safi. Nimeona kijana wa miaka 14 akiacha mpira kwa ajili ya neno hilo moja.

"Dogo amechuja"

Alikuwa moto msimu uliopita, msimu huu mpira unamponyoka, anakimbia kama amevaa viatu vya kaka yake. Tazama suruali yake ya shule. Kama imepanda juu ya kifundo, hajachuja, amerefuka. Miguu imeongezeka na ubongo bado unatumia ramani ya zamani. Wengi hupata pia maumivu chini ya pia ya goti, pale kano inapovuta mfupa ambao haujakomaa. Punguza mbio na kuruka, mwachie miezi kadhaa. Anayemkimbiza ngazi za jukwaa ili "kumrudisha" anamharibu.

Mashabiki wengi walifanya kosa la aina hiyohiyo Aprili 2019. Serengeti Boys walifungwa mechi zote tatu za AFCON ya U-17 hapa hapa Dar es Salaam, ile ya kwanza 5-4 na Nigeria, na vijiwe vikakifuta kizazi kizima kwa wiki moja. Kelvin John, aliyekuja kusajiliwa Ulaya, alikuwa ndani ya kikosi kile.

"Apelekwe Ulaya sasa hivi, ana miaka 15"

Hawezi. Kanuni ya FIFA inazuia mchezaji wa chini ya miaka 18 kusajiliwa nchi nyingine, na milango ya kando ni michache: kwa mfano wazazi wamehama kwa sababu zisizohusu mpira, au kijana anahama ndani ya Umoja wa Ulaya akiwa na 16. Mtoto wa Temeke haingii humo. Barcelona wenyewe walifungiwa kusajili kwa madirisha mawili kwa kosa hilo. Kelvin John niliyemtaja alisajiliwa Genk ya Ubelgiji mwaka 2021, alipotimiza 18.

Kwa hiyo anayekuja nyumbani kwako na barua ya "majaribio" kwa mtoto wa miaka 15, akitaka fedha ya viza na ya "usindikizaji", mfungulie mlango atoke. Wakala mwenye leseni haruhusiwi hata kumfuata mtoto huyo bila idhini ya maandishi ya mzazi, na si kabla ya miezi sita kufika umri ambao sheria ya nchi inamruhusu kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa. Baba mmoja aliuza kiwanja. Sitaeleza zaidi, bado inaniuma.

"Tukimlea sisi, wakubwa watamchukua bure"

Hii naisikia kwa viongozi wa timu za mtaani, na inawafanya wafiche watoto kama mahindi ghalani. Si kweli, ila kuna sharti.

Kijana akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi kabla ya kwisha mwaka anaotimiza 23, klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 21 zina fidia ya mafunzo; akiwa tayari analipwa na akahamia nje kabla ya mwaka huo kwisha, fidia ni ya klabu anayotoka. Mbali na hiyo, kila anapouzwa kimataifa, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: robo asilimia kwa kila mwaka kuanzia 12 hadi 15, nusu asilimia kwa kila mwaka kuanzia 16. Piga hesabu. Dogo alikaa kwako akiwa na 14, 15 na 16, hiyo ni asilimia moja. Akiuzwa dola 1,000,000 una dola 10,000, na akiuzwa tena unapata tena. Tangu Novemba 2022 malipo hayo yanapitia chombo maalumu cha FIFA kinachosoma historia ya usajili wa mchezaji.

Sharti ndilo hilo: historia ya usajili. Timu ya mtaani isiyosajiliwa na shirikisho, iliyowaandika wachezaji kwenye daftari la mwenyekiti, haitaonekana popote. Daftari la mwenyekiti halisomwi Zurich, makao makuu ya FIFA. Nenda chama cha soka cha wilaya, sajili timu, sajili watoto kwa majina yanayofanana na vyeti vyao, herufi kwa herufi, kila msimu. Nimeshaona mtoto mmoja akiwa na tahajia tatu za jina lake kwenye fomu tatu.

Yule wa bodaboda nilimlipa elfu mbili, akaniomba nimtajie jina la namba 8. Nilikuwa sijalipata, kocha wake alikuwa ameniambia tu kwamba kazaliwa Novemba na viatu aliazima.