Kitufe cha T bado kina kazi

Wiki jana huko Kisauni nilibonyeza kitufe cha T kwenye boksi ya stima ya nyumba moja. Kikaingia, kikabaki humo humo. Mama mwenye nyumba akanitazama: "Fundi, mbona taa zingali zawaka?"

Ndiyo shida yenyewe hiyo, mama.

Kitufe hicho ni cha kujaribu RCD, kifaa kinachokata stima ikivuja. Kazi yake ni kulinganisha tu. Waya wa laivu na wa nyutro hupita pamoja ndani ya pete. Stima iendayo ikilingana na irudiyo, pete imetulia. Zikipishana, kuna inayovuja, na huenda yapitia mwilini mwa mtu aliye bafuni. Zile tunazofunga majumbani sana sana ni za miliampia 30, yaani uvujaji ukifika hapo hukata. Ukibonyeza T, wavujisha kidogo makusudi uone kama itakata.

Hakuna abonyezaye. Si hapa wala Marekani, ambako Charles Dalziel alibuni kifaa chao cha namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndiyo maana tangu 2015 kiwango chao cha usalama kinataka vifaa vipya vya namna hiyo vijipime vyenyewe. Kila baada ya saa chache saketi ya ndani hujitengenezea uvujaji wa uongo, ikatazama kama umeonekana, yote hayo upesi bila kuzima nyumba. Ikishindwa, kifaa huwasha taa ya onyo au hukataa kupitisha stima. (Mjomba akikuletea kimoja kutoka huko, usikifunge: ni cha volti 120, zetu ni 240.)

Naipenda akili hiyo, ila kwa pwani naiona nusu. Kujipima kwa namna hiyo hukagua ubongo. Mkono unaokata haujongei. Ile RCD ya Kisauni niliivunja barazani. Koili nilipoipima kwa mita ilikuwa nzima. Springi ndiyo ilikuwa imeota ukungu wa kijani, na kijiti cha kuachia kimegandamana na kutu, nikakisukuma kwa bisibisi hakikusogea. Upepo wa chumvi huo, na boksi lilikuwa limefungwa ukuta wa nje. Saketi ya kujipima ingesema kila kitu ni salama.

Kwa hiyo hata ukinunua ya kisasa, bonyeza. Mimi huwaambia wateja siku ya kulipa kodi ya nyumba, maana hiyo haisahauliki.

Nilipofunga mpya nikamwachia mama aijaribu mwenyewe. Tak! Friji ikanyamaza, na chumbani kijana akapiga ukelele kuwa mpira umekatika.