Kutoka Pangani hadi Weimar: Makamanda wa Makoloni katika Mapinduzi ya Ujerumani, 1918–1920

Vitabu vyetu vingi vya historia humwacha Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, pale Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alipowakabidhi Waingereza silaha akiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100. Mwanafunzi hufunga ukurasa akidhani kwamba habari za mtu huyu zimekwisha. Katika miaka niliyofundisha historia ya kijeshi nimezidi kuamini kwamba miezi 16 iliyofuata inatufundisha mengi zaidi kumhusu yeye na jeshi lililomlea kuliko mapigano ya Tanga na Mahiwa, kwa sababu katika miezi hiyo alielekeza silaha kwa Wajerumani wenzake, kwanza kwa amri ya serikali ya Jamhuri, kisha kwa kuunga mkono waliotaka kuipindua serikali hiyo hiyo.

Kabla ya kuendelea inanibidi nitengue utata wa neno moja. Sisi husema "mapinduzi" tunapozungumzia umma unaoinuka kuubadili utaratibu wa nchi, na husema "mapinduzi" vilevile tunapozungumzia maofisa wanaoizingira ikulu usiku wa manane. Wajerumani wana maneno mawili tofauti kwa mambo hayo mawili, na historia ya miaka hii haieleweki yakichanganywa. Kwa hiyo hapa "mapinduzi" ni yale ya Novemba 1918, na tukio la Machi 1920 nitaliita uasi wa maofisa.

Mapinduzi yalianza kwa mabaharia. Mwishoni mwa Oktoba 1918, vita vikiwa vimekwisha kushindwa, wakuu wa majeshi ya majini walitaka manowari zitoke Wilhelmshaven kwenda kupigana mara ya mwisho na Waingereza, na mabaharia wakakataa kufa kwa ajili ya heshima ya maofisa wao. Siku chache baadaye Kiel ilikuwa mikononi mwa mabaraza ya wafanyakazi na wanajeshi, na tarehe 9 Novemba ilitangazwa kwamba Kaisari ameachia kiti. Uongozi ulimwangukia Friedrich Ebert wa chama cha Kisoshalisti cha SPD, mtu aliyetaka uchaguzi na bunge na aliyeogopa kwa dhati kwamba Ujerumani itafuata njia ya Urusi. Siku iliyofuata alipatana na Jenerali Wilhelm Groener wa makao makuu ya jeshi: jeshi litaitii serikali mpya, na serikali itailinda mamlaka ya maofisa dhidi ya mabaraza.

Mapatano hayo yalikuwa na kasoro ambayo wote wawili waliiona mapema. Jeshi lenyewe lilikuwa linayeyuka, kwa kuwa wanajeshi waliorudi kutoka Ufaransa walielekea makwao kabla ya Krismasi bila kungoja ruhusa ya mtu. Pengo hilo ndilo lililozibwa na Freikorps, vikosi vya kujitolea vilivyokusanywa na maofisa mmoja mmoja na kulipwa na serikali, ambavyo utii wao ulikuwa kwa kamanda kabla ya kuwa kwa nchi.

Kikosi kimojawapo cha mwanzo kiliundwa Desemba 1918 na Jenerali Georg Maercker, na hapa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anapaswa kutulia kidogo, maana Maercker alikuwa ametumikia ujana wake katika jeshi la Hermann von Wissmann, lile lililovunja upinzani wa Abushiri bin Salim al-Harthi na kumnyonga Pangani Desemba 1889. Baadaye alitumikia pia Afrika Kusini Magharibi, nchi ambayo sasa ni Namibia. Tarehe 4 Januari 1919 Ebert na Gustav Noske, mwenzake wa SPD aliyesimamia mambo ya jeshi na ambaye baadaye alikuwa waziri wa ulinzi, walikwenda Zossen kukagua wanajeshi wake, nao walifurahi kuona hatimaye watu wanaopiga kwata kwa nidhamu. Kikosi hicho kililinda Bunge la Katiba lililofunguliwa Weimar Februari 1919, kisha kikaenda mji kwa mji, Halle, Braunschweig na Leipzig, kuyaondoa mabaraza ya wafanyakazi. Maercker hakuwa mjinga wa siasa. Aliwaruhusu wanajeshi wake kuchagua wawakilishi wa kushughulikia chakula, likizo na malalamiko, ili wasione haja ya baraza lenye mamlaka.

Hakuwa peke yake. Franz von Epp, ambaye kikosi chake kilikuwa miongoni mwa vilivyouangusha utawala wa mabaraza mjini Munich mwanzoni mwa Mei 1919, alikuwa amepigana na Waherero huko Afrika Kusini Magharibi. Hermann Ehrhardt, kamanda wa brigedi ya wanamaji, alikuwako huko huko mwaka 1904, na Lettow-Vorbeck pia. Sisemi kwamba ukatili wa Freikorps ulizaliwa Afrika na kusafirishwa Ulaya kama shehena; wengi wa waliojiunga walikuwa vijana waliotoka mahandaki ya Ufaransa na mipaka ya mashariki, na wengine walikuwa wanafunzi ambao hawakuwahi kuona vita. Ninachosema ni chembamba zaidi: makamanda hawa walikuwa wamezoea vita ambavyo adui ni raia, mji wake ni uwanja wa mapambano, na kamanda aliye mbali na wakubwa wake hujiamulia.

Lettow-Vorbeck alipita chini ya Lango la Brandenburg mjini Berlin Machi 1919, akiwa juu ya farasi, akifuatwa na Wajerumani wachache waliorudi naye. Askari Waafrika waliombebea vita kwa miaka minne hawakuwemo. Waliachwa Afrika wakidai mishahara yao. Berlin ilihitaji jenerali ambaye hakushindwa, na ikampata. Karibu miezi minne baadaye serikali ilimtuma Hamburg. Mnamo Juni wakazi wenye njaa walikuwa wamegundua nyama iliyooza katika kiwanda cha bidhaa za nyama, ghasia zikaenea hadi kwenye jumba la halmashauri ya mji, na vikosi vya kujitolea vya hapo vikashindwa. Lettow-Vorbeck aliingia na maelfu ya wanajeshi tarehe 1 Julai na kuukalia mji.

Siku chache kabla ya hapo, tarehe 28 Juni, Mkataba wa Versailles ulikuwa umetiwa saini. Jeshi lilitakiwa kupunguzwa hadi watu 100,000, wakiwemo maofisa 4,000 tu, na maelfu ya watu wasiojua kazi nyingine wakaona maisha yao yamefutwa kwa kalamu. Serikali ilipoamuru brigedi ya Ehrhardt ivunjwe, Jenerali Walther von Lüttwitz, mkuu wa majeshi ya eneo la Berlin, alikataa, na asubuhi ya 13 Machi 1920 brigedi hiyo iliingia Berlin na kumweka madarakani Wolfgang Kapp, mwanasiasa wa kizalendo aliyeipinga Jamhuri. Usiku wa kuamkia siku hiyo Noske alikuwa amewauliza majenerali ni nani atakayeilinda Jamhuri. Jenerali Hans von Seeckt, mmoja wa wakuu wa jeshi, alikataa katakata kuwafanya wanajeshi wapigane wao kwa wao. Wanajeshi hao hao hawakuwa wamesita kuwapiga wafanyakazi.

Serikali ilikimbilia Dresden, alikokuwa Maercker. Kapp alimwagiza awakamate mawaziri. Hakuwakamata, lakini hakuwaahidi ulinzi, akajifanya mpatanishi, nao wakahamia Stuttgart. Huko Schwerin, alikokuwa kamanda, Lettow-Vorbeck hakuyumba: aliitambua serikali ya Kapp na kuwaweka kizuizini mawaziri wa jimbo la Mecklenburg-Schwerin waliochaguliwa kihalali. Sioni namna ya kumtetea hapa kwa hoja ya askari anayetii amri, kwa sababu amri halali zilikuwako na alijua zilitoka kwa nani.

Kilichouzima uasi huo ni mgomo mkuu. Treni zilisimama, umeme na maji vikakatika Berlin, magazeti hayakuchapwa, makarani wa wizara hawakutekeleza maagizo, na Benki Kuu ilikataa kumpa Kapp fedha. Alidumu siku nne na nusu hivi. Wanajeshi wa Ehrhardt walipokuwa wakiondoka waliwafyatulia risasi raia waliokusanyika karibu na Lango lile lile la Brandenburg, wakaua.

Katika bonde la Ruhr wafanyakazi walikuwa wameshika silaha kumpinga Kapp, na maelfu yao wakaunda Jeshi Jekundu lililoteka Dortmund na Essen. Serikali iliyookolewa na mgomo iliwatuma wanajeshi dhidi yao mwanzoni mwa Aprili, wakiwemo wa brigedi ya Loewenfeld, ambayo wiki chache tu nyuma ilikuwa upande wa Kapp mjini Breslau. Waliouawa walizidi 1,000, wengi wao baada ya kukamatwa.

Kwa maofisa waasi, mahakama ilimhukumu kiongozi mmoja tu, Traugott von Jagow, waziri wa mambo ya ndani wa Kapp, kifungo cha miaka mitano cha heshima ngomeni. Lüttwitz alipata pensheni yake. Maercker na Lettow-Vorbeck waliondolewa jeshini mwaka 1920, na mwaka 1928 Lettow-Vorbeck aliingia katika bunge la Jamhuri aliyoiasi, akiwa mbunge wa chama cha kizalendo cha DNVP.