Medicare na gharama za makao ya wazee
Nchini Marekani, wazee wengi na watoto wao huamini kwamba Medicare, bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, itawalipia makao ya wazee hadi mwisho wa maisha. Sivyo. Katika mpango wake wa asili, yaani ule unaoendeshwa na serikali yenyewe badala ya kampuni binafsi, mgonjwa akishalazwa hospitalini walau siku 3 mfululizo, bima hiyo hugharimia uuguzi wa kitaalamu kwa siku zisizozidi 100 katika kila kipindi cha matibabu, naye huanza kuchangia kuanzia siku ya 21; msaada wa kuoga, kuvaa na kula pekee, ambao ndio hasa wengi huuhitaji, haumo. Kwa maoni yangu, anayemsaidia mzazi kuchagua mpango wa Medicare kati ya Oktoba 15 na Desemba 7, kipindi cha kila mwaka cha kubadili mipango hiyo, aanze na jambo hili kabla ya kulinganisha ada. Washauri wasiotoza malipo wapo katika kila jimbo.