Oktoba Mosi: Siku ya Kahawa Duniani na Historia Yake Mlimani

Kila tarehe 1 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Kahawa. Wiki mbili baadaye, tarehe 16, hufuata Siku ya Chakula Duniani. Sisi tunaotoa elimu ya zao la kahawa hapa Moshi huulizwa mara nyingi: siku za namna hii hupangwa na nani? Ya tarehe 16 inakumbuka kuanzishwa kwa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), lililozaliwa Quebec, Canada, mwaka 1945. Maadhimisho yenyewe yalianza 1981. Siku ya Kahawa ni changa zaidi. Shirika la Kimataifa la Kahawa liliipitisha 2014, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza Milan, Italia, mwaka 2015. Katika hesabu za shirika hilo, Oktoba Mosi ndiyo mwanzo wa mwaka wa kahawa.

Kwetu Kilimanjaro tarehe hiyo hutukuta shambani. Uchumaji huanza mnamo Julai, na Oktoba vikapu bado vinajaa. Kwa maoni yangu Moshi ina haki ya kuisimulia siku hii kuliko miji mingi inayoishia kuinywa tu kahawa, na ni vizuri tuisimulie yote, pamoja na sehemu zake chungu.

Kinywaji hiki kimewahi kuwatia watawala hofu. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa akisimamia mji wa Makka, alikipiga marufuku; amri yake ikatenguliwa na sultani wa Kairo. Desemba 1675 Mfalme Charles II wa Uingereza alitangaza kufungwa kwa nyumba za kahawa, akidai ndimo uvumi dhidi ya serikali unamozaliwa. Watu walikuja juu, akaliondoa tangazo lake kabla halijaanza kutumika. Mwaka 1777 Mfalme Frederick wa Prussia, dola ya Wajerumani ya wakati huo, aliwahimiza raia warudi kwenye bia, kwa kuwa fedha za kununulia kahawa zilikuwa zikitoka nje ya nchi. Yeyote aliyewahi kukaa kijiweni jioni, kikombe kidogo mkononi na kashata pembeni, akasikia siasa za nchi zinavyochambuliwa, anajua Charles aliogopa nini.

Hapa nchini kahawa ina milango miwili. Wahaya wa Kagera walikuwa wakiitafuna tangu kabla ya ukoloni: buni za robusta, moja ya aina kuu mbili za kahawa, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, kisha hukaribishiwa mgeni. Buni hizo zilitumika hata watu walipochanjiana udugu. Arabika, aina ya pili, ambayo ndiyo ya mlimani kwetu, ilizunguka zaidi. Kutoka Yemen ilipelekwa mwaka 1715 kwenye kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion. Kutoka huko mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliileta Bagamoyo, na mwishoni mwa karne ya 19 ikapandwa kwenye misheni yao ya Kilema. Katika kisiwa hichohicho, mwaka 1841, mtoto mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius aligundua namna ya kuchavusha ua la vanila kwa mkono. Wakulima wa vanila duniani, wakiwamo wa mkoani kwetu, wanatumia mbinu yake hadi leo. Yeye alikufa maskini mwaka 1880. Namtaja kwa makusudi, kwa sababu siku za vyakula huwa na majina ya mazao na mara chache sana huwa na majina ya watu.

Kahawa ilipofika mlimani ilikuta kihamba, yaani shamba la Mchagga linalozunguka nyumba yake, kiko tayari. Migomba iliupa mbuni, yaani mti wa kahawa, kivuli, samadi ya ng'ombe wa ndani ikaupa rutuba, na mifongo, ile mifereji ya asili, ikaleta maji. Familia iliongeza zao la biashara bila kuacha ndizi za mtori wala za mbege. Hii ndiyo sababu kubwa iliyomfanya mkulima mdogo aweze.

Hata hivyo, wapo ambao hawakutaka aweze. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walowezi wenye mashamba makubwa walipinga Wachagga kulima arabika. Walidai kahawa ya wenyeji ingeeneza wadudu na magonjwa, na kwamba wizi ungeongezeka. Lakini mtu mwenye kahawa yake hana shida ya kwenda kuwa kibarua kwa mwingine, na hilo kila upande ulilifahamu. Nchini Kenya Waafrika walizuiwa kulima zao hili kwa miaka mingi. Huku kwetu Charles Dundas, aliyekuwa mkuu wa wilaya, aliwaunga mkono wakulima, nao mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuwapatia wanachama dawa na mabomba ya kupulizia. Hoja ya wadudu ikajibiwa shambani. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, ambacho jina lake kila mtu wa Moshi analijua. Nacho hakikupendwa siku zote: mwaka 1937 wakulima waliokasirishwa na sheria ya kuwalazimisha kuuza kupitia chama hicho walivamia maghala yake. Wanafunzi wetu wanapaswa kulisikia hili pia.

Kuna tukio jingine ambalo mkulima wa leo anapaswa kulifahamu kuliko yote. Mwaka 1869 kutu ya majani, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani ya mbuni, ilionekana kwenye kahawa ya Ceylon, nchi ambayo sasa ni Sri Lanka. Katika miaka iliyofuata mashamba yalikwisha, wenye mashamba wakageukia chai. Hivyo ndivyo kisiwa kilichokuwa mzalishaji mkubwa wa kahawa kilivyogeuka kuwa jina kubwa la chai, zao ambalo leo lina siku yake ya Umoja wa Mataifa, 21 Mei. Kutu ileile iko kwenye vihamba vyetu, pamoja na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa yangali mabichi. Tofauti ni kwamba sisi tuna kituo cha utafiti cha Lyamungu, hapa Kilimanjaro. Utafiti wa kahawa ulianza pale mwaka 1934, na leo ndipo yalipo makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), ambao wametoa aina chotara zinazostahimili magonjwa yote mawili. Mwenye mibuni iliyozeeka asiing'oe kwa hasira ya bei. Kwanza amwone ofisa ugani, amuulize kuhusu kukatia na kuhusu miche mipya.

Kwa Oktoba hii nina maombi mawili. La kwanza, nunueni kahawa safi kwenye chama chenu cha msingi cha ushirika, mkaange kidogo kidogo kwa moto mdogo, mtwange, mnywe nyumbani. Wakulima wengi wa kahawa hunywa chai mwaka mzima, na mtu asiyeionja kahawa yake ni vigumu kujua kwa nini mnunuzi amemshusha daraja. La pili, kama ndani kwenu bado kuna stakabadhi za zamani za kuuzia kahawa, kadi ya uanachama au daftari la babu, msizichome pamoja na takataka. Muulizeni mzee aliye hai zinahusu shamba gani na fedha ile ilifanya nini, muandike jibu lake pembeni pamoja na mwaka, kisha mziweke mahali pakavu ambapo mchwa hafiki.