Makumbusho ya Lamu na mitaa yake: yasemwayo na yaliyopo

Hujamaliza ngazi za jeti ya Lamu utakuwa umeshaambiwa mambo kadhaa yasiyo kweli, tena na watu wenye nia njema kabisa.

"Ile ngome ni ya Wareno." Hii huja nayo wageni kutoka Mombasa, ambao kwao kila ukuta mnene ni Fort Jesus. Ya Mombasa, sawa, Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ya Lamu ilikamilika 1821, Wareno wakiwa wameshaondoka zamani. Walamu walikuwa wamewashinda Wamazrui, watawala wa Mombasa, na watu wa kisiwa cha Pate katika vita vya Shela, wakahofia kisasi, wakaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Kuanzia 1910 hadi 1984 ngome hiyo ilikuwa gereza.

"Majumba ya mawe ni ya Waarabu, Mswahili alikaa kwenye makuti." Hii ndiyo inayoniudhi. Msikiti wa Pwani, hapo karibu na ngome, unahesabiwa kuwa wa mwaka 1370. Majumba yenyewe ni kazi ya mafundi wa mwambao huu: mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Ukiingia Nyumba ya Kiswahili, ambayo nayo ni makumbusho, inua macho uhesabu boriti za dari. Mti wa mkoko hauwezi kubeba dari pana, kwa hiyo chumba hakizidi mita tatu hivi kwa upana. Kikitakiwa kikubwa, kinarefushwa. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni kama ushoroba, kimoja nyuma ya kingine, hadi ndani kabisa kwenye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, uliochongwa kwenye lipu ya chokaa.

"Makumbusho ni vikorokoro, sanaa iko Nairobi." Anayesema hivi hajasimama mbele ya siwa. Siwa ni baragumu kubwa. Ile ya Pate ni ya pembe ya ndovu, inazidi mita mbili, na ya Lamu ni ya shaba. Haipulizwi mwishoni kama tarumbeta bali ubavuni, na haikupigwa ovyo: ilikuwa ya harusi na sherehe za watu wa daraja. Kiti cha enzi nacho kitazame kwa karibu, mpingo mweusi uliotiwa vipande vya pembe, na kamba zilizosukwa mahali pa kukalia na kuegemea. Kama hiyo si sanaa, sijui tunaita nini sanaa.

"Nyumba zimejifungia, watu wa hapa hawapendi wageni." Kuta za nje ni tupu kwa ajili ya stara. Mgeni ana mahali pake: daka, ule ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe pande mbili, na mazungumzo mengi ya mji huishia hapo. Ukipita mtaa wa Mkomani ukaona chumba kimevuka juu ya kichochoro, kimeunganisha nyumba mbili, hilo ni wikio. Wanawake walitembeleana humo bila kushuka njiani. Salimu tu. Picha, omba kwanza.

"Lamu hakuna injini." Hiyo ilikuwa zamani. Punda bado wana haki ya njia, lakini bodaboda zimeingia.

"Tiketi ni bei ya watalii." Mwananchi ana kiwango chake, cha chini kuliko cha mgeni. Beba kitambulisho.

"Barabara kuu iko ndani, bahari iko nje, ndivyo ilivyokuwa siku zote." Wenyeji huiita Usita wa Mui, na hadi karne ya 19 ndiyo iliyokuwa ufuo. Ngome ilijengwa ikitazama maji. Baadaye pwani ikafukiwa, zikapanda nyumba za mbele ambazo leo ndizo sura ya Lamu kwenye picha zote. Kwa hiyo ukitoka makumbusho ukapinda kuingia ndani, ukafika Usita wa Mui penye duka la kofia na harufu ya mahamri, hapo uliposimama jahazi zilikuwa zikitia nanga.