Shoro wa Shelisheli: ndege aliyerudishiwa msitu wake

Kwa macho tu, shoro wa Shelisheli hana cha kumvuta mtu. Ni ndege wa gramu 15 hivi, kahawia iliyochujuka yenye ukijani kidogo. Mali yake ni sauti: anapiga mluzi kama binadamu, na mgeni msituni anaweza kugeuka akidhani anaitwa.

Mwaka 1968 walikuwa wamebaki wasiozidi 30 duniani, wote katika kisiwa cha Cousin chenye hekta 29 tu. Kisiwa chenyewe kilikuwa shamba la minazi ya mbata. Shoro anakula wadudu, na karibu wote anawadonoa chini ya majani mapana. Kwenye kuti la mnazi riziki hiyo ni haba. Mwaka huohuo kisiwa kikanunuliwa na kufanywa hifadhi, minazi ikapunguzwa, miti ya asili ikaachwa iote. Hakuna aliyewafuga ndege hao wala kuwalisha. Msitu uliporudi, idadi yao ilipita 300 na kisiwa kikajaa.

Kisiwa kikijaa, kijana hubaki kwa wazazi wake, akisaidia kuatamia na kulisha kinda. Wasaidizi hao wengi ni majike. Mama kwa kawaida hutaga yai moja tu, na hapa ndipo penye ajabu: penye wadudu wengi huanguliwa zaidi majike, watakaobaki kusaidia, penye uhaba, mathalani ufuoni ambako chumvi ya bahari huunguza majani, huanguliwa zaidi madume, ambao huondoka wakajitafutie. Katika elimu ya ndege, sijui wengi wanaopanga uzazi kwa hesabu kali namna hii.

Mwaka 1988 shoro 29 walihamishiwa kisiwa cha Aride. Nafasi ilikuwa tele, na mwanzoni vijana hawakukaa kusaidia mtu. Walihama na kuzaa wenyewe. Sehemu nzuri zilipokwisha, wasaidizi wakaanza kuonekana tena. Baadaye ikafuata zamu ya Cousine mwaka 1990, Denis 2004 na Frégate 2011.

Visiwa hivyo vyote ni vidogo, na panya wachache wakishuka kutoka chomboni wanaweza kuharibu kazi ya miaka mingi. Kwa hiyo anayezuru Cousin huacha mashua aliyokuja nayo ikielea nje, akafuatwa na mashua ya hifadhi yenyewe.